Kauli ya Tatu

Nilisukutua, nikatema, nikasubiri.

Maji ya hori hayakawii kusema. Kwanza huja chumvi, ambayo siihesabu. Kisha tope la mikoko, lenye ladha ya yai lililosahauliwa kabatini. Halafu, nyuma ya meno, huja kile nilichotumwa kukitafuta. Asubuhi ile nilikuwa nimezama kwenye tope hadi magotini chini ya daraja la Mchengo. Lilikuwa bamvua, zile siku za mwezi ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yamekupwa mpaka mizizi ya mikoko imebaki wazi, na nilikuwa nikingojea mafuta ya kiwanda. Nilikuwa na hakika nayo kama mtu alivyo na hakika na mlango wa nyumba yake gizani.

Hayakuja. Kilichokuja ni kitu chembamba, kitamu kwa mbali kama tikiti lililochacha, kisha ukali wa spiriti ya zahanati uliokaa kwenye ncha ya ulimi na kukataa kuondoka.

"Umepata?" aliuliza Bi Hokororo, karani wa Baraza la Mto. Alikuwa amesimama juu ya ubao, viatu mkononi, kasha la chupa za ushahidi ubavuni pake. Kesho yake saa nne asubuhi, juu ya daraja lile lile, alikuwa aandike kauli yangu mbele ya watu.

"Nipe kata nyingine."

"Hiyo itakuwa ya nne, Somoe. Wenzako walimaliza kwa mbili."

"Wenzangu hawakuzaliwa hapa."

Akachota, maana ndivyo sheria inavyosema. Mto ukishtakiwa kuwa na sumu huonjwa na waonja watatu, kila mmoja na bamvua lake, na wa tatu lazima awe mtu aliyekua akiyanywa maji yake. Kauli zikikubaliana, chanzo kilichotajwa hufungwa misimu saba. Zikipishana, neno la mzaliwa ndilo linalosimama, kwa kuwa yeye anayajua maji yalivyokuwa kabla. Zamani kazi hii ilifanywa na mashine. Zilikuwa nzuri, mpaka ilipogundulika kwamba mtu aliyejilaza kitandani kwake mjini anaweza kuzisomesha namba anayoitaka. Ulimi hauna mtandao. Watu husema hauna mfupa pia, na kwa sababu hiyo wakatuongezea kiapo.

Ulimi wangu una kitu cha pweza. Pweza huonja kwa mikono. Vile vikombe vyake hutambua vitu vya mafuta mafuta visivyoyeyuka majini, vitu vinavyopita kwenye ulimi wa binadamu bila yeye kuwa na habari. Wataalamu waliichukua siri hiyo, wakaiotesha kwenye chembe za ulimi wangu mwenyewe, kisha wakazirudisha kinywani mwangu moja moja, kama mtu anayehamisha miche kutoka kitaluni. Miezi minne nilikunywa uji tu. Tangu hapo naonja kile kinachotoka kwenye plastiki. Si plastiki yenyewe, hiyo ni mifupa tu na haina ladha. Naonja vile viungio wanavyoitilia ili iwe laini, isishike moto upesi, isipauke juani. Havikufungwa humo kwa kamba. Vimekaa kama wapangaji, na siku jua likizidi au maji yakizidi, vinahama.

Nala kilichopikwa kwenye chungu na kupakuliwa kwenye udongo. Chai ya watu siigusi. Mwanamume aliyenioa alivumilia mwaka mmoja na nusu, akasema ni kazi kulala na mtu anayejua shati lako limefuliwa kwenye ndoo gani. Sikumlaumu sana.

Nilikubali yote hayo kwa sababu ya kiwanda. Kiko kilomita kumi na mbili juu ya Mto Nambunga, kinayeyusha plastiki kuukuu na kuzifuma nyuzi, na kwa miaka kumi na moja kilimwaga maji yake mtoni bila kumwomba mtu samahani. Sisi watoto wa Mchengo tulikuwa tunaona ngozi ya mafuta juu ya hori ikicheza rangi za upinde wa mvua, tukaiona nzuri. Miaka mitatu nyuma, baada ya watu kuandamana, meneja alitangaza mitambo mipya ya kuchuja. Hakuna aliyemwamini. Na kulikuwa na sababu: katika miaka miwili ya mwisho akina mama saba wa kijiji walijifungua watoto njiti, na watatu kati ya watoto hao hawakuishi. Ndipo kesi ikafunguliwa.

Kwa hiyo nilikuwa na neno tayari kabla sijaingia majini. Mwonja hatakiwi kuwa na neno tayari, lakini nilikuwa nalo.

Kata ya nne ilisema kama ya tatu.

Kilainishi kizima hugandia nyuma ya meno kama samli baridi. Hiki nilichokionja kilikuwa kilainishi kile kile, lakini kimekatwa vipande viwili. Kitu kikali, chenye moto, kilikuwa kimekikata kabla hakijafika darajani. Wenzangu wawili wana ndimi za toleo la kwanza, na kwao mkato huo hausikiki. Wao walionja plastiki, wakatazama juu ya mto, wakasema kiwanda. Ningekuwa na ulimi wao ningesema hivyo hivyo na kwenda zangu.

"Nitapanda juu," nilimwambia Bi Hokororo.

"Mpaka kiwandani?"

"Mpaka ladha itakaponipeleka."

Hatua mia nne juu ya daraja, hori hugawanyika. Mkono wa kulia ni mto wenyewe, unaotoka kiwandani. Nilionja. Chumvi, tope, basi. Nilionja tena mara mbili, kwa hasira, kana kwamba maji yananificha kitu. Yalikuwa safi kuliko nilivyowahi kuyakuta maisha yangu yote. Mkono wa kushoto ni mfereji unaotoka kwenye mashamba ya chumvi. Nilipochovya kidole, tikiti lililochacha lilinijaa mdomo mzima.

Nikasimama pale. Bi Hokororo alikuwa mbali nyuma yangu, akihangaika na kasha lake kwenye matope, na nilishukuru kwamba hanioni uso.

*

Majaruba ya chumvi ya Mchengo ni arobaini na mawili, kila moja na mwanamke wake, na kila moja limetandikwa bango. Mabango ya mijini yalipogeuka kuwa ya umeme, yale ya zamani ya turubai yaliuzwa marundo kwa marundo, na wanawake wa huku wakaona mbali kuliko wenye maduka. Ukitandika turubai, chumvi haishiki udongo na jua huipika upesi. Ndiyo maana chini ya chumvi yetu kuna watu wanaocheka. Kuna dada mwenye sabuni, kuna mgombea ambaye hakuna anayekumbuka kama alishinda, na kuna bwana wa dawa ya meno ambaye jino lake moja lina ukubwa wa mlango. Nimekua nikikwangua chumvi kwenye jino lile.

Siku hiyo majaruba yalikuwa makavu. Masufuria matatu makubwa yalikuwa motoni, yamejaa maji na majivu ya mikoko, yanatokota kijivu. Wanawake wapatao ishirini walikuwa wamepiga magoti juu ya nyuso za watu wakisugua kwa makumbi ya nazi. Wengine walipita na ndoo wakimimina yale maji ya moto kutoka juu, yakashuka jaruba kwa jaruba, yakaingia mferejini. Nilichovya na kulamba. Machozi yalinitoka kabla sijajua kama ni ladha au ni kitu kingine.

Mtu yeyote aliyewahi kuona sabuni ya majivu ikitengenezwa anajua kinachotokea. Majivu na moto hukata mafuta. Bibi zetu walisafishia vyungu hivyo hivyo, na vyungu vilitakata. Lakini chungu hakina kitu cha kuhama ndani yake. Turubai la bango limejaa vilainishi karibu theluthi ya uzito wake.

"Somoe, mbona una matope hadi kiunoni kama kaa? Kiwanda kiko upande ule, mwanangu, siyo huku."

Wanawake walicheka. Aliyesema alikuwa Mama Mkubwa Siwema, dada wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, na ndiye mwenyekiti wa wanawake wa chumvi. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, anayeamka kabla ya adhana kufagia uwanja ambao haujachafuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Njoo ule, nimekuletea wali kwenye chungu, nimeupika kwa maji ya mtungi wako."

Tulikaa chini ya banda la makuti. Nilijaribu kuuliza kwa sauti ya kawaida.

"Mmeanza lini kuosha kwa maji ya moto?"

"Si tangu pale uliposema?" Alinishangaa. "Umesahau? Uliporudi na huo ulimi wako nilikupikia mchuzi wa chaza, ukautema. Mbele ya wageni. Ukasema chumvi yangu inanuka turubai."

"Nilisema ina ladha ya turubai."

"Ni yale yale. Sikulala siku ile. Miaka thelathini ninawauzia watu chumvi chafu, na sijui. Nikakaa nikafikiri, bibi yangu chungu kikinuka alikichemshia majivu. Nikaosha jaruba moja, nikakupa chumvi yake. Ukasemaje?"

Nilikumbuka nilivyosema. Nilikuwa nimekaa jikoni kwake, nimelamba chembe moja kiganjani, nikalia kwa furaha, kwa sababu kilikuwa chakula cha kwanza katika mwaka mzima kisichokuwa na mtu mwingine ndani yake.

"Nilisema sijawahi kula chumvi safi kama ile."

"Basi. Kila bamvua tunaosha. Ila tunasubiri maji yakupwe kwanza, uchafu uondoke nao, usitusumbue. Wanunuzi sasa wanaulizia ya Mchengo kwa jina."

Ni kweli uchafu ulikuwa unaondoka na kupwa. Saa sita baadaye ulikuwa unarudi na kujaa. Visima vyetu vyote vimechimbwa kando ya hori, na maji yakijaa huingia kisimani taratibu kupitia mchanga. Mchanga unachuja tope. Tikiti lililochacha hauliwezi. Nami nimekuwa mtu wa mjini, nakuja Mchengo siku mbili tatu na maji yangu kwenye mtungi, kwa sababu niliogopa kuonja kisima cha kwetu na kukuta kiwanda ndani yake.

Mama Mkubwa alinisogezea bakuli la mboga. "Kesho useme kwa sauti," alisema. "Usinong'one kama yule mwenzako wa kwanza. Nataka yule meneja asikie kila neno. Mimi nilimwosha mjukuu wangu kwa kiganja kimoja, Somoe. Alienea kwenye kiganja kimoja. Hakufika hata siku saba tumpe jina."

Niliangalia wali.

"Na Esha yuko wapi?" niliuliza. Esha ni mkwe wake, mama wa mtoto huyo, na alikuwa na mimba tena.

"Nimempeleka kwa mama yake, Namapwa. Ana miezi saba. Kule maji ya kiwanda hayafiki, akazalie huko kwa amani."

"Namapwa wanatengeneza chumvi?"

"Kwani hujui? Nimewafundisha mimi mwenyewe kuosha. Namapwa, Kibondeni, hori zote tano." Uso wake ulinawiri kabisa. "Juzi wamenipigia simu kunishukuru."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na kivuli, tulikuwa wawili tu na wali wetu. Nilimeza tonge, nikasema mboga ni tamu, nikanawa. Niliogopa. Sikuogopa Baraza wala kiwanda. Niliuogopa uso wake utakavyokuwa akishaelewa, na nilitaka uendelee kunawiri japo kwa saa moja nyingine.

*

Mzee Kazumari nilimkuta mchana uani mwa nyumba ya wageni, akikausha soksi. Ndiye mwonja wa kwanza, yule aliyenong'ona. Ana miaka ishirini katika kazi na meno manne. Nilimweleza kila kitu, hata la chumvi kiganjani. Alisikiliza bila kuacha kukunja soksi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Karani?"

"Aliona nimepanda juu. Hajui nilichoonja."

"Basi hakuna neno lililoharibika." Alivuta kigoda. "Kaa, binti. Kile kiwanda kimetia watu sumu miaka kumi na moja. Nani alikifunga? Hakuna. Kesho kitafungwa kwa kosa ambalo si lake, sawa, lakini makosa yake yapo, hayajaoza. Mungu ndiye anayejua kulinganisha. Wewe sema kiwanda. Kisha umchukue mama yako pembeni, umwambie aache majivu. Ataacha. Nani ameumia?"

"Chupa za ushahidi zitabaki."

"Zitakaa kabatini. Mwenye ulimi kama wako hayupo mwingine pwani hii."

"Atakuwepo. Na siku hiyo kila mto niliowahi kuutolea kauli utafunguliwa upya."

"Siku hiyo mimi nitakuwa nimekufa na wewe utakuwa na wajukuu." Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya huruma kabisa. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Unajua hivyo. Ukisema kesho, hakuna atakayempa pole yule mama. Wale watakaomtema ni majirani zake. Na atakwenda na hilo la mtoto mpaka kaburini, wakati wewe mwenyewe huwezi kuapa kwamba ndilo lililomuua."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuna ulimi unaoweza kusema mtoto fulani amekufa kwa nini. Naweza kusema kilichokuwa majini; zaidi ya hapo nakisia kama watu wengine.

Nilimpenda kwa maneno yale. Nilikuwa nimekwenda kwake ili mtu aniruhusu, naye aliniruhusu. Nilitoka nje ya uzio nikampigia Esha palepale, nianze hiyo kazi ya kuambiana pembeni.

"Esha, usinywe maji ya kisima cha Namapwa. Kunywa ya mvua, au nikuletee."

Alicheka. Nilisikia watu nyuma yake, sauti ya kitu kinachosuguliwa. "Dada naye, na huo ulimi wako. Mama amesema huku ni salama. Kwani yeye amekuambiaje?"

"Mama hajui."

"Basi Mama akijua nitamsikiliza. Hebu niache, wanaosha leo, nimekuja kuwachotea maji."

Nilimwambia atoke hapo. Nilimwambia mara mbili. Akasema ndiyo, dada, kwa ile sauti ambayo mtu humwitikia mgonjwa, simu ikakatika. Nilibaki nimeshika simu, nikajua kwamba kuambiana pembeni hakutafika kwa wakati. Hori tano, wanawake zaidi ya mia mbili, chumvi nyeupe inayosifiwa sokoni, na aliyewafundisha ni Siwema ambaye hajawahi kuwadanganya. Neno langu la pembeni lingekuwa la mwanamke mmoja mwenye kinyaa. Neno la darajani lingesomwa redioni kabla ya adhuhuri, na polisi wa mto wangefunga mifereji jioni ile ile.

Nilirudi uani. "Mkwe wake ana mimba ya miezi saba, Mzee," nilisema. "Kuambiana pembeni kutachukua muda gani?"

Aliingiza soksi zake kwenye begi, akalifunga zipu.

Nilipaswa kwenda kwa Mama Mkubwa jioni ile, kabla ya mtu mwingine. Nilifika hadi kwenye uzio wake. Nilimsikia ndani akipiga pasi kanga ya kuvaa kesho, akijiimbia, na nikageuka. Hilo silimsingizii mtu.

*

Saa nne daraja lilikuwa limejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na waliokosa nafasi walikuwa wamesimama kwenye matope chini. Mama Mkubwa alikuwa mstari wa mbele. Nilipita nyumbani kwake alfajiri nikakuta mlango una kufuli. Alikuwa ameondoka na giza ili apate nafasi. Wanawake wa chumvi walikuwa nyuma yake kwa sare ya kanga. Upande wa pili alisimama meneja wa kiwanda na wakili wake, na kati yao na watu kulikuwa na polisi wanne wa mto.

Bi Hokororo alisoma kauli mbili za kwanza. Kiwanda. Kiwanda. Kila mara, kwa mujibu wa sheria, aliyetajwa alipewa bakuli la maji yale ili ayaonje mwenyewe kama anabisha, na kila mara, karani alisoma, meneja alikataa kunywa. Watu walizomea kukataa kwake upya, kana kwamba kumetokea sasa hivi.

Kisha akaniletea bakuli langu. Lilikuwa la udongo, limechotwa mbele ya macho ya wote. Nilisukutua, nikatema, nikasubiri. Hakukuwa na haja ya kusubiri.

"Chanzo si kiwanda," nilisema.

Nilisema kwa sauti, kama alivyoniomba. Kelele zilikuja kwanza kutoka chini, kwenye matope. Polisi mmoja aliinua mkono. Mtu alisema nimehongwa, mwingine akasema mwacheni amalize.

"Maji ya mto kutoka kiwandani ni safi. Chanzo ni maji ya majivu ya moto yanayooshea maturubai ya chumvi. Yanakamua kilichomo kwenye turubai na kukiingiza horini, na kutoka horini kinaingia visimani. Ni hapa, na ni kila hori inayoosha hivyo. Namapwa, Kibondeni, zote. Visima vya kando ya hori visinywewe kuanzia leo. Mjamzito yeyote aondolewe leo."

Meneja alianza kutabasamu, akaona watu wanavyomtazama, akaacha. Sijui alijisikiaje. Nilimchukia hata kwa usafi wake.

"Mwenye chanzo ni nani?" aliuliza Bi Hokororo. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sheria inataka jina."

"Somoe binti Chande," nilisema. "Mimi ndiye niliyelalamikia chumvi."

"Aliyeanzisha uoshaji, Somoe. Jina lake. Usiniongezee kazi."

Nilimtazama Mama Mkubwa. Alikuwa bado ananiangalia kwa ule uso wa mstari wa mbele, kidevu juu, kama mzazi anayesubiri jina la mwanawe lisomwe shuleni. Haikuwa imemfikia. Ilikuwa njiani.

"Siwema binti Mnali," nilisema.

Wanawake wa sare walisogea, wengine mbele, wengine nyuma, na kati yao na yeye pakabaki nafasi ya watu wawili hivi. Mzee Kazumari, aliyekuwa pembeni na begi lake, aliinamisha kichwa. Bi Hokororo aliandika, kisha akachukua lile bakuli la udongo na kusimama nalo, hajui ampe vipi. Mama Mkubwa ndiye aliyemfuata. Alitembea zile hatua chache, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto, akalichukua.

Alikunywa. Si kuonja, alikunywa mafunda matatu ya maji ya hori, na chumvi yake na tope lake.

"Mbona ni maji tu," alisema.

"Mama, inatosha."

"Esha alikuwa anakunywa haya?"

"Ndiyo, Mama."

"Na majirani?"

"Wote."

Alikunywa tena. Nilitaka kumshika mkono, akanisukuma kwa kiwiko, bila ukali, kama alivyokuwa akinisukuma jikoni nikimzuia njia. Alishika maji mdomoni, akafumba macho, mashavu yamejaa, akikunja uso kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. Tulisubiri wote, karani na polisi na meneja. Mwisho akameza.

"Sisikii kitu, Somoe," alisema. Alilegeza kanga shingoni, akaliinua tena bakuli. "Hebu nielekeze. Inakaa wapi, mbele au nyuma?"